Mlinzi Aliyeishi Kupita Tarehe Yake: Maisha ya Elliot Kamwana

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 18:20–22, Hab. 2:1–4, Mt. 24:36–51, Mdo. 1:6–11, 1 The. 5:1–11, 19–21, Ufu. 10:8–11.

Fungu la Kukariri: Mathayo 24:36.

Mwezi Oktoba 1914 maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Nyasa walikuwa wakihesabu siku. Miaka sita kabla yake walikuwa wamebatizwa mtoni na ziwani, wakaambiwa kwamba mwezi huo Kristo angerudi, serikali za dunia zingekoma, na mtozaji wa kodi hangebisha hodi tena mlangoni. Mtu aliyewaambia hayo aliitwa Elliot Kenan Kamwana Chirwa. Hakuwa askofu wala daktari wa theolojia. Alikuwa Mtonga wa magharibi mwa ziwa, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, jirani yetu Watanzania.

Mwezi ukaisha. Kristo hakuonekana mawinguni. Kamwana mwenyewe aliishi miaka 42 zaidi.

Wanahistoria wa Afrika wameandika sana juu ya mtu huyu. Wengine humwona mtetezi wa wanyonge, wengine mdanganyifu, wengine mtu mwaminifu aliyefundishwa hesabu isiyo sahihi. Somo la juma hili linafuata maisha yake kwa sababu ndani yake mna makundi mawili ambayo kila kanisa linayo: wale wanaoamini kila tangazo la mwisho bila kupima, na wale waliochoka na matangazo hayo hata hawataki tena kusikia kwamba Yesu anakuja. Swali la juma zima ni hili: tarehe ya mhubiri ikipita, nini kinabaki?

JUMAPILI: Mtoto wa Bandawe

Soma Matendo 8:26–39.

Kamwana alizaliwa karibu na mwaka 1872. Wakati wa utoto wake, wamisionari wa Kanisa Huru la Scotland waliingia katika nchi ya Watonga na kuweka kituo Bandawe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Watonga walipenda shule upesi kuliko makabila mengi ya jirani. Kusoma kulifungua mlango wa kazi: ukarani, ualimu, usimamizi wa mizigo. Kamwana alikuwa miongoni mwa vijana waliofanya vizuri darasani, akaendelea hadi Overtoun, chuo kikubwa cha misheni ya Livingstonia kilichoongozwa na Dkt. Robert Laws.

Misheni ile ilifanya mema mengi. Ilileta dawa, vitabu, ufundi wa useremala na uchapaji. Lakini mambo mawili yaliwaumiza watu wa Bandawe. La kwanza lilikuwa ada. Mwanzoni elimu ilitolewa bure. Kisha misheni ikaanza kudai malipo ya shule na vitabu. Kamwana aliondoka Livingstonia karibu na mwaka 1901, na ada ilikuwa sehemu ya sababu.

La pili lilikuwa ubatizo. Wamisionari wa Scotland waliogopa kubatiza watu ambao mioyo yao haijabadilika, kwa hiyo waliweka madarasa ya wasikilizaji, kisha madarasa ya wanafunzi wa ubatizo, kisha mahojiano. Mtu aliweza kusubiri miaka kadhaa. Wazee waliokuwa wamemwamini Kristo walikufa wakiwa bado kwenye orodha. Nia ya wamisionari ilikuwa njema, maana ubatizo usio na mafundisho huzaa washiriki wa jina tu. Lakini mtu anayesubiri mlangoni mwaka baada ya mwaka huanza kujiuliza kama wenye nyumba wanamtaka kweli.

Ni muhimu kuona jambo hili kabla ya kusikia mahubiri ya Kamwana. Watu hawakuja kumfuata wakiwa na mioyo mitupu. Walikuja na njaa ambayo wengine walikuwa wameiona na hawakuishibisha. Towashi wa Kushi aliuliza nini kingemzuia kubatizwa. Watonga walikuwa wakiuliza swali hilohilo, na jibu walilopewa lilikuwa refu mno.

Je, kuna njaa gani katika kanisa lako au kijijini kwako ambayo, kanisa lisipoishughulikia, mhubiri wa kwanza kupita njiani ataitumia?

JUMATATU: Thyolo na Machimbo ya Dhahabu

Soma 1 Yohana 4:1, Matendo 17:10–12.

Kutoka kaskazini Kamwana alishuka kusini mwa Nyasaland, katika milima ya Thyolo. Huko alikutana na Joseph Booth, mmisionari Mwingereza asiye wa kawaida. Booth aliwapenda Waafrika na kusema waziwazi kwamba Afrika ni ya Waafrika, jambo lililoichukiza serikali. Lakini imani yake ilihamahama. Alianza na Wabaptisti, akawa na Wabaptisti wa Siku ya Saba, kisha mwaka 1902 akajiunga na Waadventista wa Sabato, na baada ya miaka michache akaondoka tena.

Kituo cha Booth kiliitwa Plainfield. Mwaka 1902 kiliingia mikononi mwa Waadventista, na mmisionari Mmarekani mweusi, Thomas Branch, akaja na familia yake kukitunza. Mwaka mmoja baadaye, 1903, Waadventista wa kwanza waliingia nchi yetu kupitia milima ya Upare. Kituo kile cha Thyolo baadaye kilipewa jina Malamulo, yaani amri, na mpaka leo jina hilo linajulikana kwa hospitali na shule zake. Hapo, katika siku zile za mabadiliko, Kamwana alibatizwa kwa kuzamishwa majini. Kwa hiyo hadithi yake si ya watu wa mbali. Kwa muda alisimama kwenye kizingiti chetu.

Hakukaa. Kama vijana wengi wa Nyasaland alikwenda Afrika Kusini kutafuta riziki, akafanya kazi hospitalini katika machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Wasomaji wa Segese, Kakola na Geita hawahitaji kuelezwa sana maisha ya mahali pale. Hospitali ya mgodi hupokea aliyeangukiwa na mwamba na anayekohoa vumbi. Vijana hutoka mbali, wengine hawarudi kwao. Kamwana aliwaona watu wa kabila lake wakifa mbali na mama zao, na huko pia aliwahubiri.

Wakati huo Booth alikuwa amebadilika tena. Mwaka 1906 alikwenda Marekani akaonana na Charles Taze Russell, mwanzilishi wa chama cha Watch Tower. Aliporudi Cape Town alimwita Kamwana na kumfundisha vitabu vya Russell. Katika vitabu hivyo Kamwana alikuta kitu ambacho misheni za Scotland hazikuwahi kumpa: mwaka kamili wa mwisho.

Mchimbaji mwenye busara hachukui jiwe linalong'aa akakimbia kwenda kukopa fedha. Huchukua sampo, akalisaga, akaliosha, akaona kinachobaki ndani ya karai. Waberoya walifanya hivyo hata kwa mahubiri ya mtume Paulo. Kamwana alikuwa na akili ya kutosha kufanya hivyo. Lakini aliyemletea jiwe alikuwa rafiki aliyempenda na kumheshimu kuliko Mzungu mwingine yeyote.

Kwa nini ni vigumu kuyapima mafundisho yanapoletwa na mtu aliyetutendea wema?

JUMANNE: Msimu wa Ubatizo

Soma Danieli 4:16, Mathayo 24:36, Matendo 1:6–7.

Hesabu ya Russell ilifuata njia ambayo Waadventista wanaifahamu. Alichukua nyakati saba za Danieli sura ya 4, akazihesabu kuwa siku 2,520, akaigeuza kila siku kuwa mwaka, akaanza kuhesabu mwaka 606 K.K. Akafika Oktoba 1914. Hapo, alifundisha, nyakati za Mataifa zingekwisha.

Msomaji Mwadventista asicheke haraka. Kanuni ya siku moja kwa mwaka mmoja ndiyo inayotumika katika Danieli 8:14 na siku 2,300. Tatizo la hesabu ya Russell halikuwa kanuni hiyo peke yake. Alichukua nyakati saba ambazo Danieli 4 inasema zilimpata mfalme Nebukadreza mwenyewe, akazifanya za mataifa yote. Aliuanza wakati wake kwenye mwaka ambao historia ya Babeli haiuungi mkono, maana Yerusalemu iliangamizwa karibu miaka 20 baadaye. Na mwisho wa hesabu aliubebesha tukio ambalo Yesu alisema Baba peke yake analijua saa yake.

Kamwana alirudi Bandawe mwaka 1908, akiwa mtu wa miaka kama 36. Kwa miezi michache tu, hadi mwanzoni mwa 1909, nchi ya Watonga ilitikisika. Alihubiri mahali pa wazi, akafungua njia ya ubatizo bila miaka ya kusubiri, akasema shule zisitoze ada. Alitangaza kwamba Oktoba 1914 Kristo angekuja, utawala wa kigeni ungeondoka na kodi ya kibanda ingekoma. Kodi ile ndiyo iliyowasukuma wanaume kuacha wake na watoto na kwenda machimboni kusini. Mtu aliyesikia kwamba itakwisha alisikia kwamba mwanawe atarudi nyumbani.

Karibu watu 10,000 walibatizwa. Wamisionari wa Scotland walikuwa wamefanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 25 kwa uangalifu mkubwa, na mtu mmoja akavuna umati huu katika msimu mmoja.

Wamisionari waliona hatari, na kwa sehemu waliona sawa. Ubatizo wa haraka kiasi hicho haukuacha nafasi ya mafundisho. Tumaini la Kristo lilikuwa limefungwa pamoja na kodi, ada na mwaka mmoja, kama mizigo ya safari iliyofungwa kwa kamba moja: kamba ikikatika, kila kitu kinaanguka. Lakini wengi wao walipunguza jambo lote kuwa ujinga wa watu weusi, nao hawakujiuliza kwa nini watu waliowafundisha kusoma waliwakimbia. Serikali nayo haikusikia mahubiri ya marejeo, ilisikia uasi. Mwaka 1909 Kamwana alikamatwa na kuondolewa katika nchi ya kwao.

Katika mahubiri ya Kamwana, ni mambo gani yalitoka katika Biblia, na yapi yalitoka katika uchungu wa watu? Je, mambo ya kundi la pili yalikuwa mabaya, au yaliwekwa tu mahali pasipo pake?

JUMATANO: Oktoba 1914

Soma Luka 21:9. Kumbukumbu la Torati 18:20–22.

Kisha kikatokea kitu kilichowatetemesha hata wenye mashaka. Mwezi Agosti 1914, wiki chache tu kabla ya tarehe, nchi nyingi za Ulaya ziliingia vitani, na vita vikafika Ziwa Nyasa haraka ajabu. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa pwani ya mashariki, mahali panapoitwa leo Liuli, mkoani Ruvuma. Mwezi Septemba askari wa Kijerumani walivuka mto Songwe wakapigana na Waingereza karibu na Karonga. Maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi kabla ya kuona risasi.

Mtu aliyebatizwa mwaka 1908 angefikiri nini? Falme zilikuwa zikipigana na kuangushana. Wazungu walikuwa wakiuana wenyewe. Ilionekana kama hesabu imetimia.

Hapa pana fundisho kubwa kwa wanafunzi wa unabii. Tukio kubwa likitokea karibu na tarehe iliyotangazwa, tarehe haijathibitishwa kwa sababu hiyo. Yesu alisema vita vitakuwapo, akaongeza kwamba mwisho hauji mara hiyo. Vita vya 1914 vilikuwa vita halisi, lakini ahadi ilikuwa kurudi kwa Kristo na kukoma kwa kodi. Kristo hakurudi, na kodi haikukoma. Kinyume chake, serikali ilihitaji fedha na watu zaidi. Kipimo cha Musa katika Kumbukumbu la Torati hakiulizi kama kulitokea kitu cha kutisha. Kinauliza kama lililosemwa ndilo lililotokea.

Mwezi Oktoba ukapita. Waliokuwa wamesubiri walibaki na vibanda vilevile na madeni yaleyale, na sasa waume zao wakiwa wamebeba mizigo ya jeshi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mhubiri anapoahidi kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu hakuliahidi, deni hilo halilipwi na mhubiri. Hulipwa na mama aliyeacha kupanda kwa sababu aliambiwa hatahitaji kuvuna, na na mtoto wake ambaye baadaye haamini tena chochote kinachosomwa kanisani.

Ni matukio gani ya miaka ya karibuni umesikia yakitumiwa kuthibitisha tarehe? Yapime kwa Luka 21:9.

ALHAMISI: Miaka Arobaini na Miwili

Soma Habakuki 2:1–4, Waebrania 10:35–39.

Tarehe inapopita, mhubiri ana njia kadhaa. Anaweza kukimbia. Anaweza kutangaza tarehe nyingine. Anaweza kujaribu kuutimiza unabii kwa mikono yake mwenyewe. Au anaweza kubaki na watu wake na kuanza upya.

Miezi mitatu baada ya Oktoba ile, Januari 1915, mwanafunzi mwingine wa zamani wa Joseph Booth, mchungaji John Chilembwe, aliongoza watu wa Chiradzulu kushika silaha dhidi ya dhuluma za mashamba ya walowezi na vifo vya wapagazi. Uasi ulizimwa kwa siku chache. Chilembwe aliuawa tarehe 3 Februari, na leo taifa la Malawi linamheshimu kama shujaa. Kamwana hakujiunga na uasi huo. Alikuwa ametangaza kwamba utawala wa kigeni ungeondolewa, lakini alikuwa amefundisha kwamba ungeondolewa na Mungu, na hakuwapeleka wafuasi wake kumwaga damu ili neno lake lisionekane la uongo. Hilo lazima lihesabiwe upande wake.

Serikali haikutofautisha. Baada ya uasi ilimhamishia Mauritius, kisha Shelisheli, visiwa vilivyo mbali katika Bahari ya Hindi. Alikaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka 20. Aliondoka akiwa mtu mwenye nguvu zake, akaruhusiwa kurudi mwaka 1937 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60.

Kwa muda huo mbegu aliyoipanda ilikuwa imesambaa bila yeye. Vibarua wa migodini waliibeba hadi Rhodesia ya Kaskazini, Kongo na mpaka wa Tanganyika, na katika Kongo ikajulikana kwa jina la Kitawala. Kila mahali ilibadilika kufuatana na machungu ya mahali hapo. Viongozi wa Watch Tower wa ng'ambo walijitenga na makundi mengi ya namna hiyo.

Kamwana naye hakurudi chini ya uongozi wao. Alianzisha kanisa lake mwenyewe, lililojulikana kwa neno Mlonda, yaani mlinzi, akaliongoza hadi alipofariki mwaka 1956, miaka minane kabla nchi yake haijapata uhuru.

Jina hilo linafaa kutafakariwa. Mlinzi ni mtu gani? Usiku kucha hukaa macho. Hajui saa mwizi atakayokuja, wala saa mwenye nyumba atakayorudi. Kama angejua saa, angelala hadi ikaribie. Kazi yake ina maana kwa sababu hajui. Yule aliyewapa watu mwezi na mwaka alimaliza maisha yake chini ya jina la mtu anayekesha bila kujua saa. Mafundisho yake yalibaki na mengi ambayo Mwadventista hayakubali. Lakini kuhusu jambo hili moja, jina la kanisa lake la mwisho lilikuwa karibu na Mathayo 24 kuliko mahubiri yake ya kwanza.

Habakuki aliambiwa asimame katika zamu yake. Je, kuna tofauti gani kati ya kusimama zamu na kuhesabu siku?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ufunuo 10:8–11. 1 Wathesalonike 5:19–21.

Waadventista wa Sabato hawawezi kuhukumu maisha ya Kamwana kana kwamba wao walitoka mahali pengine. William Miller, mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, alikuwa kwanza mtu wa mashaka, asiyeamini kwamba Mungu husema na wanadamu. Aliongoka mwaka 1816, akasoma Biblia fungu kwa fungu, akaanza kuhubiri mwaka 1831 kwamba Yesu angerudi karibu na 1843. Mwishowe wengi waliomfuata waliishika tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu kwa maelfu walisubiri. Wakulima wengine waliacha viazi shambani bila kuchimba. Asubuhi ya tarehe 23 walilia.

Kutoka kwa watu waliolia ndipo kanisa hili lilipotoka. Baadhi yao walirudi kwenye Biblia, wakaona kwamba hesabu ya Danieli 8:14 ilihusu patakatifu pa mbinguni na kazi ya Kristo huko, si kurudi kwake duniani. Kitabu kidogo cha Ufunuo 10 kilichokuwa kitamu mdomoni na kichungu tumboni kikawa maelezo ya uchungu wao. Wenzao wengine waliendelea kutaja tarehe mpya, moja baada ya nyingine. Wengine waliitupa Biblia yote. Waanzilishi wa kanisa, na Ellen White miongoni mwao, walikataa njia zote mbili: walishikilia tumaini la marejeo, wakakataa kuweka tarehe nyingine.

Kwa nini jambo hili ni la uzito leo? Kwa sababu watu wanakufa. Huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada ya kundi lililotangaza mwisho wa dunia, baada ya mwaka 1999 kuisha bila lolote. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto, wengi wao wakiwa wamefunga kula ili wamwone Yesu. Baada ya habari kama hizo, mtu mwenye akili timamu ana haki ya kumtazama kwa mashaka kila anayehubiri mwisho, hata anayehubiri kutoka katika lesoni hii. Mashaka hayo si dhambi. Paulo anawaambia Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo anawaambia wajaribu mambo yote. Ni maagizo mawili ya mtu mmoja, katika barua moja, na atakayeshika moja na kuacha jingine atajikwaa.

Maisha ya Kamwana yanatoa vipimo ambavyo hata mshiriki asiyejua hesabu ya Danieli anaweza kuvitumia. Je, mhubiri anataja siku au mwaka ambao Kristo mwenyewe hakuutaja? Je, kadiri tarehe inavyokaribia anawataka watu wauze ng'ombe, waache shamba, watoe watoto shuleni, waache dawa, wafunge hadi kufa, au wamkabidhi yeye mali yao? Je, anaruhusu kuulizwa? Na tarehe ikipita, anakaa na watu aliowaahidi, akashiriki hasara yao?

Lakini maisha hayo yana kipimo kwa kanisa pia. Watonga 10,000 hawakwenda majini kwa sababu ya hesabu ya 606 K.K. Wengi wao hawakuifahamu. Walikwenda kwa sababu mtu aliwaambia kwamba Mungu anaona kodi yao, anaona ada ya watoto wao na vijana wao walio machimboni, na kwamba haya hayatadumu milele. Katika hayo hakusema uongo. Maandiko yanasema hivyo pia. Kosa lilikuwa kuliandika jambo hilo kwenye kalenda. Kanisa linalokataa tarehe lakini halisemi lolote juu ya mjane anayedhulumiwa shamba, au kijana anayeshuka kwenye duara lisilo salama, limesahihisha hesabu ya Kamwana na kuwaacha watu wake palepale alipowakuta.

Kuja kwa Yesu ni karibu. Ukaribu huo haupimwi kwa kalenda. Mtumwa mwaminifu wa Mathayo 24:45–46 hakukutwa akihesabu siku. Alikutwa akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Ikiwa hesabu ya Russell na hesabu ya Danieli 8:14 zote hutumia siku kwa mwaka, utamweleza vipi rafiki anayesema hakuna tofauti? Jibu bila kumdharau yeye wala imani ya jirani.

2. Wamisionari wa Scotland walichelewesha ubatizo, Kamwana akauharakisha. Kanisa lako linapaswa kujifunza nini kwa kila upande?

3. Katika familia yako kuna mtu aliyeacha kanisa kwa sababu ya unabii usiotimia? Darasa lifikirie namna ya kumtembelea kabla ya Sabato ijayo, na nini cha kumwambia. Fikirieni pia nini cha kumsikiliza akisema.

4. Kama mhubiri angefika Segese kesho na kutaja mwezi wa kurudi kwa Yesu, nani katika kijiji angekuwa wa kwanza kumfuata, na kwa nini? Je, kanisa limewahi kukaa na mtu huyo na kumwuliza anachokihitaji?